Kinachotunenepesha sikukuu ni chakula au ni majuto ya baada ya chakula?

#1 Sauti ya Mchana

Wakuu, habari. Naleta hoja, ipingeni kama ina matundu.

Naamini kinachotuvuruga msimu wa sikukuu si chakula cha siku ile. Ni majuto yanayokuja baadaye. Mtu anakaa mezani na watu anaowapenda, anakula nyama, anakula keki, anacheka. Usiku akibaki peke yake anaanza kujisomea mashtaka: kwa nini niliongeza kipande cha pili, kwa nini nilikunywa kile kinywaji kitamu. Kesho yake anajiadhibu kwa kushinda na njaa. Jioni njaa inamzidi nguvu, anafungua friji, anakula amesimama, utamu wenyewe hausikii. Hapo ndipo anapojiambia, "Nimeshaharibu, bora niendelee tu mpaka sikukuu ziishe." Mlo mmoja umezaa wiki nzima ya vurugu.

Sibahatishi. Mwaka 2014 Roeline Kuijer na Jessica Boyce wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, walichapisha utafiti ambamo waliwauliza watu: ukifikiria keki ya chokoleti, kinachokujia kichwani ni sherehe au ni hatia? Waliojibu hatia hawakuwa na ulaji bora kuliko wenzao. Walijiona hawawezi kujidhibiti, na miongoni mwa waliotaka uzito wao ubaki palepale, wale wa sherehe ndio waliofanikiwa zaidi baada ya mwaka mmoja na nusu.

Sasa kama majuto hayatusaidii, tunayabeba ya nini? Nyie mnafanyaje msimu huu?

#2 Kibatari

Najisogeza karibu nisikilize. Hili linanihusu.

#3 Muuguzi wa Zamu

Mleta mada, nakubaliana nawe nusu.

Watu wanaogopa sikukuu kuliko inavyostahili, hilo kweli. Mwaka 2000 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha kazi ya Jack Yanovski na wenzake, waliowapima watu wazima 195 nchini Marekani kabla, wakati na baada ya sikukuu za mwisho wa mwaka. Wastani wa ongezeko katika kipindi cha sikukuu ulikuwa kilo 0.37 tu. Wenyewe walipoulizwa, walidhani wameongezeka zaidi ya hapo kwa mbali. Walioongezeka kilo mbili na ushei hawakufika hata mmoja kati ya kumi.

Lakini nusu ya pili ndiyo inayonifanya nisikubali moja kwa moja. Huo uzito mdogo haukutoka miezi iliyofuata. Ukiongeza kidogo kila mwaka na hakuna kinachorudi, ukifika utu uzima wa kati unashangaa nguo zimekwenda wapi. Pia waliokuwa tayari na uzito mkubwa ndio walioongezeka zaidi. Kwa hiyo tusiseme chakula hakina neno.

Kitu kingine cha utafiti ule ambacho huwa hakitajwi: waliosema wamekuwa wakitembea na kujishughulisha zaidi, na waliosema hawakuwa na njaa sana, ndio walioongezeka kidogo. Msongo wa mawazo na idadi ya sherehe walizohudhuria havikuonyesha uhusiano. Mleta mada, hapo nadharia yako ya majuto inabidi ijitetee.

#4 Mtoto wa Mwisho

Hizo gramu 370 mimi sizijui. Kwangu sherehe ikipita tu mzani unapanda kilo mbili, tena haraka. Niambieni zinatoka wapi, maana ndizo zinazonikosesha usingizi.

#5 Muuguzi wa Zamu

@Mtoto wa Mwisho, sehemu kubwa ni maji. Ukila wanga mwingi mwili unaweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli, na kila gramu moja ya akiba hiyo inashika takriban gramu tatu za maji. Chakula cha sherehe nacho kina chumvi nyingi, chumvi inashika maji. Ongeza uzito wa chakula chenyewe ambacho bado kiko tumboni. Rudi kwenye mlo wa kawaida, kunywa maji, subiri siku chache, kisha upime. Usifunge na wala usinywe vidonge vya kukojoza kwa sababu ya namba ya asubuhi moja.

#6 Hesabu Kali

Nimsaidie muuguzi kwa hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini inabeba kama kilokalori 7,700. Ili upate kilo mbili za mafuta unahitaji zaidi ya 15,000 juu ya zile ambazo mwili umetumia. Hakuna tumbo la kubeba hayo kwa siku mbili. Na hesabu hiyohiyo inasema ukipunguza 550 kila siku, utapungua nusu kilo kila wiki, bila kukoma. Hesabu haina huruma wala hasira, ndiyo maana naipenda.

#7 Darubini

@Hesabu Kali, sehemu ya kwanza uko sawa, ya pili hapana. Kanuni hiyo ilienezwa na daktari Max Wishnofsky mwaka 1958, kilokalori 3,500 kwa kila ratili. Inafaa kueleza nishati iliyomo kwenye mafuta. Haifai kutabiri uzito wa mtu kwa miezi, kwa sababu mwili ukipungua nao hutumia nishati kidogo zaidi, na njaa inaongezeka. Kevin Hall, aliyekuwa mtafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani, alilionyesha jambo hili kwa kina. Hilo neno "bila kukoma" ndilo linalowavunja moyo wengi. Wanafuata hesabu, mzani unasimama, wanadhani wao ndio wavivu.

#8 Hesabu Kali

Nimekuelewa. Ila kilo mbili za @Mtoto wa Mwisho zinabaki kuwa maji.

#9 Mtoto wa Mwisho

Leo nitalala. Asanteni.

#10 Kocha Alfajiri

Naona uzi unaelekea kwenye "kula tu, usijali". Mimi nafundisha watu mazoezi na napinga.

Anayejiangalia ndiye anayefanikiwa. Mwaka 2018 jarida la BMJ lilichapisha jaribio la Uingereza lenye watu 272. Kundi moja liliambiwa lijipime uzito angalau mara mbili kwa wiki msimu wa Krismasi, likapewa ushauri mfupi na orodha ya vyakula vya sikukuu ikionyesha ni mazoezi kiasi gani yanahitajika kuunguza kila kimoja. Kundi la pili lilipewa kipeperushi cha maisha bora, basi. Kundi la kwanza lilipungua kwa wastani wa kilo 0.13, la pili likaongezeka 0.37.

Kwa hiyo mleta mada anatuambia tusijilaumu, na ushahidi unatuambia tujipime. Mzani hauna adabu lakini unasema kweli.

#11 Kibatari

Kocha, umechanganya. Hiyo 0.37 ni ya muuguzi, bandiko #3.

#12 Kocha Alfajiri

Sijachanganya, bibie. Ni tafiti mbili, nchi mbili, karibu miaka ishirini kati yao, namba zimegongana tu. Zisome zote mbili.

#13 Sauti ya Mchana

Kocha, nani kakwambia kujipima ni kujilaumu? Mtu anaweza kupanda mzani asubuhi, akaona namba, akasema "leo mboga ziwe nyingi", akaendelea na siku yake. Huyo hajajihukumu. Ninayemsema mimi ni yule anayepanda mzani na kushuka akiwa anajichukia. Jaribio lako limepima tendo la kujipima, halijapima chuki.

Isitoshe, tofauti yenyewe ni nusu kilo. Ni kitu, siibezi. Lakini usiitumie kumwambia mtu asile keki siku ya mwaka.

#14 Mkia wa Tausi

Naomba mnisikilize kabla hamjaendelea na mizani.

Dada yangu alipita kwenye ugonjwa wa ulaji. Alikuwa anakula kwa kujificha, kisha anajitapisha. Sikukuu ndizo zilikuwa siku mbaya kuliko zote nyumbani, kwa sababu kila anayeingia mlangoni anatoa maoni juu ya mwili wake: umenenepa, umekonda, mbona uso umejaa. Kwake mzani haukuwa kifaa. Tuliutoa ndani ya nyumba kwa ushauri wa mtaalamu aliyekuwa anamtibu, na mambo yakaanza kutulia taratibu, ingawa haikuwa mzani peke yake.

Orodha za "keki hii ni dakika kadhaa za kukimbia" naziogopa. Mtu mwenye mbegu ya ugonjwa huo akiiona, chakula kinageuka deni. Kocha, kabla ya kumpa mtu orodha ile, muulize kwanza historia yake na chakula.

#15 Kocha Alfajiri

@Mkia wa Tausi, pole sana kwa mliyopitia. Nimelichukua. Kumuuliza mtu historia yake ni jambo jepesi na halinigharimu chochote. Kwa wengine bado nashikilia kujipima.

#16 Mzee Fimbo

Vijana, mnazungumza habari za kufunga na kujinyima. Mnakumbuka lile jaribio la njaa la Minnesota, Marekani? Vita vya Pili vya Dunia vinaelekea mwisho, mtafiti Ancel Keys akawachukua wanaume 36 wenye afya, akawanyima chakula kabisa, halafu akaangalia kilichotokea walipoachiwa. Walikula hadi wakaugua. Njaa hulipiza kisasi, wanangu.

#17 Darubini

Shikamoo mzee. Hoja ni ile ile, ila hakuwanyima kabisa. Kwa wiki 24 walipewa mlo wa nusu njaa, karibu kilokalori 1,570 kwa siku, huku wakitembea kilomita nyingi kila wiki. Walikuwa wamejitolea wenyewe, watu waliokataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri zao. Walipofunguliwa kula, baadhi walikula kiasi cha kutisha na wakasema bado hawashibi.

Nalisahihisha hili kwa sababu lina uzito wake hapa: 1,570 ni kiwango ambacho orodha nyingi za kupunguza uzito leo zinakiita cha wastani. Ingawa wale walikuwa wanaume vijana, tena wanafanya kazi na kutembea sana.

#18 Mzee Fimbo

Marahaba. Umesema vizuri, kijana.

#19 Sahani Mbili

Mimi siku ya sherehe siamshi kinywa. Naacha nafasi, mchana nakula kwa uhuru wote. Nani ana ubavu wa kunipinga?

#20 Muuguzi wa Zamu

Mimi ninao. Ukifika mezani na njaa ya tangu jana usiku, huchagui, unavamia. Kula kitu chepesi asubuhi, chenye protini na tunda, ufike na hamu bila njaa ya kutetemesha mikono. Hata jina lako linakushtaki, ndugu yangu, lingekuwa Sahani Moja tungelijadili kwa upole.

#21 Sahani Mbili

Jina nililipewa na marafiki, sahani zilikuwa ndogo! Lakini mbona mimi kufunga asubuhi hakunidhuru? Nikishashiba mchana, usiku sili tena. Siku inaisha nikiwa nimekula kawaida.

#22 Darubini

Huenda nyote wawili mko sawa, na tofauti iko kwa mtu mwenyewe. Mwaka 1975 Peter Herman na Deborah Mack walifanya jaribio ambalo hadi leo linatajwa. Waliwapa watu kinywaji kizito cha maziwa na sukari, halafu wakawaachia aiskrimu wale wapendavyo, kwa kisingizio cha kuonja. Watu wa kawaida waliokunywa kile kinywaji walikula aiskrimu kidogo, kwa sababu walishaanza kushiba. Wale ambao maisha yao ni ya kujibana chakula walifanya kinyume. Waliokunywa walikula aiskrimu *zaidi* kuliko wenzao wa aina hiyo ambao hawakupewa kinywaji. Mpaka waliojiwekea ulikuwa umevunjwa, hawakuona tena cha kulinda.

Sahani Mbili haonekani kuwa mtu wa kujibana, kwa hiyo akiruka mlo haimdhuru. Mwingine akiruka mlo anakuwa anakaza kamba ambayo jioni itakatika.

Na hapa ndipo hoja ya mleta mada inapopata nguvu kuliko kwenye ile keki ya New Zealand. Ile ilikuwa dodoso, watu wanajieleza wenyewe. Huenda si hatia inayoharibu ulaji, ila waliokwisha kushindwa mara nyingi ndio wanaopata hatia. Kipi kilitangulia? Dodoso haliwezi kutuambia.

#23 Sauti ya Mchana

Hilo la kipi kilitangulia ni swali zuri na linanikaa moyoni. Lakini hata kama kushindwa kulitangulia, hatia haikuwaokoa. Hapo nimesimama.

#24 Upande wa Jua

Mimi nina kisukari aina ya pili. Mnisamehe, mjadala wa hatia naupitia pembeni kwa sababu kwangu kuna namba ya sukari, na namba haijali nilikula kwa furaha au kwa majuto.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Sikukuu nakula. Wanga nachagua wa aina moja, ule ninaoupenda kweli, siweki wa kila aina kwenye sahani kwa sababu tu upo. Naanza na mboga na nyama au maharage, wanga namalizia. Kuna tafiti ndogo zinazoonyesha kwamba mpangilio huo unapunguza kupanda kwa sukari baada ya mlo, na kipimo changu cha nyumbani kinaniambia hivyohivyo. Vinywaji vitamu ndivyo nimeachana navyo, kwa sababu sukari ya kunywa inapanda haraka na haishibishi. Tukimaliza kula namwita mjukuu au yeyote aliye karibu, tunatembea taratibu.

Kitu kimoja naomba kila mwenye kisukari akisikie: usiruke mlo ili "kufidia" kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari vinavyoweza kuishusha kupita kiasi. Sukari ikianguka ni dharura. Na sikukuu isiwe likizo ya dawa. Zungumza na kliniki yako mapema, kabla ya siku yenyewe.

#25 Kibatari

Mama, huu ndio mchango niliokuwa nausubiri. Huko kutembea ni kwa muda gani?

#26 Upande wa Jua

Robo saa hivi, mwanangu, nikiweza zaidi naongeza. Mwaka 2013 kulitoka utafiti kuhusu wazee walio kwenye hatari ya kupata kisukari: dakika 15 za kutembea baada ya kila mlo zilisaidia sukari ya siku nzima, hasa baada ya mlo wa jioni.

#27 Darubini

Watu wenyewe walikuwa 10 tu kwenye utafiti huo, niongeze. Lakini kutembea hakuna hasara, kwa hiyo sibishi.

#28 Kocha Alfajiri

Darubini hata kutembea lazima akutilie alama ya kuuliza! Ila mama yuko sahihi. Na isichukuliwe kama adhabu ya keki. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki kwa mtu mzima, sikukuu iwepo isiwepo.

#29 Bakuli Dogo

Mbona hakuna aliyetaja sahani? Dawa ni sahani ndogo. Brian Wansink wa Chuo Kikuu cha Cornell alithibitisha kwamba ukipunguza chombo unapunguza kula bila kujua. Badilisheni vyombo, mengine yatajipanga.

#30 Darubini

Ndugu, tafuta shahidi mwingine. Kazi nyingi za Wansink ziliondolewa kwenye majarida. Mwezi Septemba 2018 familia ya majarida ya tiba ya JAMA peke yake iliondoa sita kwa mkupuo, na Cornell ikatangaza kuwa alitenda makosa ya kitaaluma. Alijiuzulu.

Wazo lenyewe halijafa lote. Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, yalikusanya majaribio mengi na kuona kwamba watu wakipewa sehemu kubwa zaidi, pakiti kubwa au vyombo vikubwa, hula zaidi. Lakini nguvu kubwa naiona kwenye kiasi kinachopakuliwa. Sahani ndogo ukiijaza mara nne ni yale yale.

#31 Sahani Mbili

Sasa mnanisema moja kwa moja.

#32 Ghala la Maneno

Kuna maelezo mengine hamjayagusa: wingi wa aina. Siku ya kawaida una vyakula viwili au vitatu mezani, unashiba. Siku ya sherehe kuna kumi. Umeshiba vya chumvi, ikija keki tumbo linafunguka upya. Si ulafi. Miaka ya 1980 mwanzoni Barbara Rolls na wenzake walionyesha kwamba hamu ya chakula ulichokila inapungua, lakini hamu ya chakula cha ladha nyingine inabaki juu, na mlo wenye aina nyingi unamfanya mtu ale zaidi.

Kwa hiyo ninavyofanya, nazunguka meza nzima kwanza bila sahani mkononi. Naangalia vyote. Halafu nachagua vile ambavyo mwaka mzima sivipati, na vile ninavyoviona kila wiki naviacha. Nakula nimekaa, polepole, na watu. Kitu nisichokipenda hakipati nafasi hata kama kimepambwa namna gani.

#33 Mkia wa Tausi

Hii ya kuzunguka bila sahani nimeipenda sana. Inampa mtu uhuru wa kuchagua kwa furaha, bila woga.

#34 Mama Jiko

Nyie wote mnazungumza kama wageni. Sasa msikieni anayepika.

Mimi siku hiyo naonja toka alfajiri. Kijiko hapa, kipande pale, chumvi imekolea au bado. Mpaka watu wanakaa mezani nimeshakula mlo mzima bila kuujua, halafu naketi nao nakula tena kwa sababu ndiyo furaha yenyewe. Ushauri wa "anza na mboga" unanipita.

La pili linaniuma zaidi. Ninapompakulia mtu akakataa, moyo unashtuka. Najua ana sababu zake, lakini nimesimama jikoni tangu usiku kwa ajili yake. Na wapo wapishi wengi kama mimi ambao wataendelea kusukuma sahani mpaka ule. Tunasukuma kwa mapenzi. Sasa mwenye presha au sukari atajiteteaje mbele ya mtu kama mimi bila kuniumiza?

#35 Upande wa Jua

Mama Jiko, mimi husifu kwanza, tena kwa jina la chakula chenyewe, siyo "kizuri" ya jumla. Kisha nasema, "Nimeshiba, niwekee kidogo nitakula kesho." Anayenipenda akisikia nitakula kesho anaridhika. Simwambii habari za daktari mezani, maana hapo mazungumzo yote yanageuka kuwa ya ugonjwa wangu.

#36 Mtoto wa Mwisho

Kwangu haifanyi kazi. Shangazi yangu anasema "kesho utapika mwenyewe" na anapakua. Tena anapakua huku anasema nimenenepa! Mambo mawili kwa pumzi moja.

#37 Mzee Fimbo

Shangazi haambiwi mezani. Mpigie siku kadhaa kabla. Mwambie, "Shangazi, mwaka huu nisaidie, usinipakulie, niache nijipakulie mwenyewe, na mwili wangu tusiuzungumze mbele ya watu." Mtu mzima akiombwa msaada faraghani huwa mlinzi wako. Akikatazwa hadharani anakuwa mpinzani.

#38 Mtoto wa Mwisho

Mzee, hili nitalifanya. Shikamoo na asante.

#39 Muuguzi wa Zamu

@Mama Jiko, kuhusu kuonja: kula mlo wa kweli kabla hujaingia jikoni, na weka maji karibu. Chumvi nayo iangalie. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, sawa na kijiko cha chai, na meza moja ya sherehe inaweza kuivuka mara mbili. Limau, vitunguu saumu, tangawizi na viungo vitabeba ladha, wenye presha wale kama wengine bila kutengewa chungu chao.

Halafu pombe mmeiruka wote. Gramu moja ina kilokalori 7, karibu na mafuta, na inalegeza uamuzi wa kuacha kula. Kuna na jambo la moyo: mwaka 1978 madaktari wa Marekani walieleza wagonjwa waliofika na mapigo ya moyo yaliyovurugika baada ya kunywa sana, mara nyingi baada ya wikiendi au sikukuu. Hiyo haina uhusiano na unene. Moyo ukienda mbio ovyo, nenda hospitali usiku huohuo.

#40 Sauti ya Mchana

Narudi kwa Mama Jiko, kwa sababu amesema kitu ambacho tafiti zetu zote zimekizunguka. Anaketi nao na kula tena kwa sababu *ndiyo furaha yenyewe*. Hicho ndicho ninachokitetea tangu mwanzo. Sitaki watu wapimwe thamani yao kwa kipande cha keki.

#41 Kocha Alfajiri

Na mimi sitaki furaha itumike kama ruhusa ya miezi miwili. Sikukuu ni siku. Msimu mzima wa mabaki, soda na kulala si sikukuu.

#42 Sauti ya Mchana

Kwa hilo hatugombani. Tunagombana juu ya kinachomrudisha mtu kwenye mlo wake wa kawaida kesho yake. Wewe unasema mzani, mimi nasema amani.

#43 Mkia wa Tausi

Na mimi nasema usingizi, mwendo wa miguu na kuamka ukala kifungua kinywa kama siku yoyote. Hakuna "kuanza upya", kwa sababu hakuna kilichovunjika.

#44 Hesabu Kali

Nani anajua la kufanya na mabaki? Kocha kayataja, na kwangu ndiyo yanayonimaliza. Sherehe inaisha kwa mlo mmoja, mabaki yanakaa wiki.

#45 Mama Jiko

Wape wageni waondoke nayo. Mimi naweka vyombo vyenye vifuniko mlangoni, kila mtu anajifungia anachotaka. Keki hasa, haibaki kwangu hata kipande.

#46 Hesabu Kali

Si unahamishia tatizo kwao?

#47 Mama Jiko

Kipande kimoja kwa kila nyumba ni raha, mwanangu. Kumi na viwili kwenye friji yangu ndiyo tatizo.

#48 Muuguzi wa Zamu

Ila wafungie mapema. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, kiingie kwenye friji chini ya nyuzi 5, na kikipashwa kiwe moto mpaka ndani, nyuzi 70 au zaidi. Wali hasa: ukikaa nje unaota bakteria wanaoacha sumu, na kuna sumu yao ambayo kupasha hakuiondoi.

#49 Sahani Mbili

Kwa hiyo wali wa sherehe ulioshinda mezani mpaka usiku…

#50 Muuguzi wa Zamu

Mwaga. Hata kama umebaki sahani mbili.